Nani atachukua medali ya ndondi? Soma droo kwanza

Kila Olimpiki inapokaribia, watu wa Goma huanza kugawa medali kabla kengele ya kwanza haijapigwa. Kwenye vibanda vya pari, yaani kamari ya michezo, vya Birere, pembeni mwa mazoezi ya Stade de l'Unité, kwenye makundi ya simu ambako mtu hununua mega za kutosha kutazama mapambano mawili tu, swali ni moja: nani atashinda? Na jibu karibu kila mara huwa jina. Huyu ni bingwa wa dunia. Yule ana ngumi nzito. Wale ni Wakuba, hawashindiki.

Katika ndondi za ridhaa jina ni sehemu ndogo ya jibu. Medali hutegemea njia ambayo bondia amepangiwa: ana mapambano mangapi, nani anamsubiri katikati, majaji watano wataona nini ndani ya dakika tisa, na mizani itasema nini asubuhi. Kuielewa njia hiyo hakuwafai wacheza pari peke yao. Kunaonyesha pia mahali hasa ambapo bondia Mkongomani hukwama, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Tumtazame Julio César La Cruz wa Cuba. Alichukua dhahabu Rio 2016, akachukua nyingine Tokyo 2020. Paris 2024 alikwenda kutafuta ya tatu, ambayo ingemweka safu moja na László Papp wa Hungary na Wakuba wawili, Teófilo Stevenson na Félix Savón, ambao ndio pekee waliopata dhahabu tatu za Olimpiki katika mchezo huu. Ungemuuliza mtu yeyote mjini, angemwandikia medali bila kufikiri. La Cruz alitolewa pambano la kwanza. Aliyemtoa ni Loren Alfonso, mzaliwa wa Cuba anayepigania Azerbaijan, kwa kura zilizogawanyika. Alfonso akasonga mbele hadi fainali. Kwa hiyo La Cruz hakupigwa na mtu dhaifu. Alikutana siku ya kwanza na mtu ambaye, droo ingekuwa tofauti, angekutana naye siku ya mwisho wakiwa wote wameshajihakikishia medali.

Hapo ndipo hesabu inapoanza. Chukua bondia bora kweli kweli, ambaye mpinzani yeyote atakayeletewa atamshinda mara 8 kati ya 10. Wanaofikia kiwango hicho ni wachache duniani. Akianzia hatua ya 16 bora, anahitaji kushinda mara nne ili avae dhahabu. Zidisha 0.8 kwa yenyewe mara nne, inabaki asilimia 41. Akianzia hatua ya 32, mapambano yanakuwa matano na nafasi inashuka hadi asilimia 33. Mtu ambaye kila pambano anaingia ulingoni akiwa na nguvu kuliko mwenzake, bado ana uwezekano mkubwa zaidi wa kurudi nyumbani bila dhahabu kuliko kurudi nayo. Watu wengi hukataa jambo hili wanapolisikia mara ya kwanza. Chukua karatasi uzidishe mwenyewe.

Shaba ina hesabu yake. Katika ndondi hakuna pambano la kutafuta mshindi wa tatu. Wote wawili wanaoshindwa nusu fainali hupewa shaba. Ndiyo sababu Paris ilikuwa na uzani 13 lakini medali 52: dhahabu 13, fedha 13, shaba 26. Ukifika nusu fainali, medali unayo tayari. Bondia wetu wa mara 8 kati ya 10 anayeanzia hatua ya 16 anahitaji ushindi mara mbili tu, na nafasi yake ya medali ni asilimia 64. Mtu yule yule, mashindano yale yale: medali ya aina yoyote inaelekea kuja, dhahabu inaelekea kukosekana. Anayeuliza "nani atapata medali" na anayeuliza "nani atapata dhahabu" wanauliza maswali mawili tofauti, na mabishano mengi ya barazani yangeisha kama watu wangetaja kwanza ni lipi wanalojibu.

Sasa droo. Kwa kawaida mabondia wachache wa juu hutenganishwa ili wasikutane mapema, na waliobaki hupangwa kwa kura. Idadi ikizidi 16, wengine hulazimika kupigana pambano la ziada huku wengine wakipita bila kupigana. Kwa macho inaonekana jambo dogo, lakini linabadili kila kitu.

Marcelat Sakobi wetu alikuwa Paris kwenye kilo 57 za wanawake. Wengi wanamkumbuka kwa ishara aliyoifanya baada ya pambano lake, mkono mmoja kinywani na vidole vya mwingine kichwani mithili ya bastola, kwa ajili ya watu wa mashariki mwa Congo wanaouawa dunia ikiwa kimya. Sisi wa huku hatuwezi kuisahau ishara ile. Lakini angalia pia njia aliyopangiwa. Alianzia hatua ya 32, dhidi ya Sitora Turdibekova wa Uzbekistan, nchi ambayo siku hizi inazalisha mabondia kuliko karibu nchi nyingine yoyote. Alishindwa. Turdibekova naye alipovuka akamkuta Lin Yu-ting wa Taiwan, aliyepita hatua hiyo bila kupigana na ambaye mwisho alichukua dhahabu. Maana yake hata kama Sakobi angeshinda siku ile, aliyekuwa akimsubiri ni bingwa, akiwa hajachoka. Ili afike kwenye shaba alihitaji kushinda mara tatu, na mbili za kwanza zilikuwa dhidi ya watu hao. Mtabiri aliyesema "Sakobi hatapata medali" alikuwa sahihi, lakini kama hakuiona droo, hakujua kwa nini alikuwa sahihi.

Droo hiyo hiyo inaweza kufungua mlango. Kwenye kilo 75 za wanawake, Cindy Ngamba, mzaliwa wa Cameroon anayeishi Uingereza, aliingia akiwa mwanachama wa timu ya wakimbizi. Pambano lake la kwanza lilikuwa dhidi ya Tammara Thibeault wa Canada, aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 2022. Karatasi zote zilimpa Thibeault. Ngamba akashinda, akamshinda Davina Michel wa Ufaransa mbele ya Wafaransa wenzake, na kwa ushindi huo wa pili akawa ameipa timu ya wakimbizi medali yake ya kwanza tangu ilipoanzishwa. Katika mji uliozungukwa na kambi kama wetu ulivyokuwa wakati ule, habari hiyo haikuwa ya michezo tu. Na kwa mtabiri ina funzo la kiufundi: kwa vile alianzia hatua ya 16, Ngamba alihitaji siku mbili nzuri. Siku mbili nzuri si muujiza.

Baada ya droo kuna majaji, na hapa lazima twende polepole, maana ndipo watabiri wengi hupotea.

Pambano la ridhaa ni raundi tatu za dakika tatu, kwa wanaume na wanawake. Majaji watano huketi pembeni mwa ulingo, na kila raundi kila mmoja humpa mshindi alama 10 na aliyeshindwa 9, au 8 akizidiwa sana, au hata 7. Wanatazama ngumi safi zinazofika mahali panaporuhusiwa, nani anatawala pambano kwa ufundi na mbinu, na nani anapigania ushindi. Mwisho kila jaji anajumlisha alama zake na kumtaja mshindi wake. Matokeo ya 4-1 au 5-0 unayoyaona kwenye simu ni idadi ya majaji, si idadi ya ngumi.

Kutokana na hilo, 5-0 inaweza kuwa pambano la karibu mno. Majaji wote watano wanaweza kuwa wameandika 29-28, yaani kila mmoja aliona raundi mbili kwa huyu na moja kwa yule. Anayesoma 5-0 na kusema "alimfunza adabu," halafu akalitumia kutabiri pambano lijalo, amejenga juu ya kitu ambacho hakikutokea. Nayo 3-2 inaweza kutoka kwenye pambano ambalo jaji mmoja, katika raundi moja, aliona ngumi ambayo mwenzake wa upande wa pili hakuiona kwa kuzibwa na mgongo wa bondia. Oleksandr Khyzhniak wa Ukraine alichukua dhahabu ya kilo 80 Paris kwa 3-2 dhidi ya Nurbek Oralbay wa Kazakhstan. Rudisheni pambano lile mara kumi, sidhani kama kuna mtu mwaminifu anayeweza kuapa kwamba Khyzhniak angeshinda mara zote kumi.

Kuna pia jambo la kasi ya kuanza. Raundi ni tatu tu, hivyo aliyechukua mbili za kwanza karibu ameshinda. Bondia anayehitaji muda wa kumsoma mpinzani, anayepata joto raundi ya nne au ya tano, hana raundi hizo. Wazee wa Congo wanalikumbuka pambano la Ali na Foreman la Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974. Lilipangwa kuwa la raundi 15, na Ali alimaliza kazi raundi ya nane, baada ya kumwacha Foreman ajichoshe kwa kupiga huku yeye akiegemea kamba. Wote wawili walikuwa wamewahi kuwa mabingwa wa Olimpiki, Ali mwaka 1960 Roma, Foreman mwaka 1968 Mexico. Lakini mbinu ile ya kamba haingekuwa na nafasi katika sheria za ridhaa: dakika ya tisa kengele ingelia na Foreman bado ana nguvu. Ndiyo maana anayetabiri ridhaa kwa kuangalia mapambano ya kulipwa hukosea mara nyingi. Mwaka 2016 wanamasumbwi wa kulipwa waliruhusiwa kuingia Olimpiki kwa mara ya kwanza. Watatu walifika Rio, akiwamo Hassan N'Dam wa Cameroon aliyekuwa na jina kubwa. Hakuna hata mmoja aliyepata medali.

Nokauti ni nadra, lakini mtabiri asiifute kabisa. Khyzhniak huyo huyo, kwenye fainali ya Tokyo ya kilo 75, alikuwa anaongoza waziwazi baada ya raundi mbili. Raundi ya tatu Hebert Conceição wa Brazil, ambaye kwa alama alikuwa ameshapoteza, akamwangusha kwa konde la pembeni la mkono wa kushoto. Hapo dhahabu ikaenda Brazil.

Na kuna ubaya wa majaji wenyewe. Seoul 1988, Roy Jones wa Marekani alifikisha ngumi 86 dhidi ya 32 za Park Si-hun wa Korea Kusini, na bado alipoteza fainali kwa 3-2. Kashfa ile ilileta mfumo wa kompyuta: kuanzia Barcelona 1992 majaji walibonyeza kitufe, na alama ilihesabiwa pale tu watatu kati ya watano walipobonyeza karibu kwa wakati mmoja. Mfumo huo ulipendelea mabondia wa kuchomoa ngumi moja moja zinazoonekana wazi. Mwaka 2013 alama za 10 kwa 9 zikachukua nafasi yake, na mwaka huo huo wanaume wakavuliwa kofia ya kinga. Rio 2016 malalamiko yakarudi kwa nguvu, hasa baada ya Michael Conlan wa Ireland kupoteza kwa Vladimir Nikitin wa Urusi, na uchunguzi wa baadaye ulieleza kwamba kulikuwa na mtandao wa kupanga matokeo. Waamuzi na majaji wote 36 wa Rio hawakutumiwa Tokyo. Mtu anayekusanya matokeo ya miaka 40 na kuyachanganya pamoja ajue kwamba anachanganya michezo mitatu yenye sheria tofauti.

Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilisimamisha shirikisho la zamani la ndondi la dunia, IBA, mwaka 2019, na ikaondoa kabisa kulitambua mwaka 2023. Shirikisho jipya, World Boxing, liliundwa mwaka huo wa 2023 na kupata utambuzi wa muda Februari 2025. Ugomvi huo si wa ofisini tu. Mwaka 2023 nchi kadhaa za Magharibi zilisusia mashindano ya dunia ya IBA, kwa hiyo "bingwa wa dunia 2023" ni bingwa wa ulimwengu uliopungukiwa na watu. Jambo hili si geni. Keith Mwila alipoipa Zambia, jirani yetu wa kusini, medali yake ya kwanza ya Olimpiki, shaba ya Los Angeles 1984, Cuba na Umoja wa Kisovyeti hawakuwapo. Robert Wangila wa Kenya alipochukua dhahabu Seoul 1988 kwa kumlaza Laurent Boudouani wa Ufaransa raundi ya pili, Cuba pia haikuwapo. Haiwapunguzii heshima; walishinda kila aliyewekwa mbele yao. Lakini mtabiri lazima aulize nani hayupo, sawa na anavyouliza nani yupo.

Wanaotabiri kwa kompyuta hufanya nini basi? Wengi hutumia aina ya alama iliyobuniwa na Arpad Elo kwa ajili ya sataranji. Kila bondia ana namba. Akishinda inapanda, akishindwa inashuka, na akimshinda mkubwa inapanda zaidi. Tofauti ya alama 200 kati ya wawili humpa wa juu nafasi ya karibu asilimia 76. Tofauti ya 400, karibu 91. Kisha kompyuta hupewa droo na kuyacheza mashindano yote mara elfu kumi, na kuhesabu kila bondia alifika wapi mara ngapi. Ni njia nzuri. Naipenda kwa sababu inakulazimisha kuonyesha mahesabu yako.

Udhaifu wake uko kwenye namba za kuanzia. Alama hutiririka kwa mapambano. Bei ya maharagwe ya Goma na ya Bukavu zinalinganishika kwa sababu maboti ya Ziwa Kivu yanabeba mizigo kati ya miji hiyo. Maboti yakisimama, kila soko linabaki na bei yake. Mabondia wa Asia ya Kati na Ulaya wanakutana mara nyingi kwa mwaka. Wa Afrika wengi wanakutana wao kwa wao, na wachache wanavuka bahari. Kompyuta haina cha kumlinganisha Mkongomani na Mkazakhstan ila mapambano machache ya zamani, kwa hiyo inakisia, na kwa kawaida inamkisia chini. Bondia wa Goma yuko mbali zaidi na huo mzunguko: tangu uwanja wa ndege wa mji ulipofungwa mwishoni mwa Januari 2025, hata kufika Kinshasa ambako timu ya taifa huchaguliwa kumekuwa safari ya kuzunguka kupitia nchi jirani. Kijana asiyefika Kinshasa hana alama. Asiye na alama hatenganishwi na wakubwa kwenye droo, na asiyetenganishwa anakutana nao siku ya kwanza. Hapo utabiri unaanza kuyatengeneza matokeo ambayo ulidai kuyasoma tu.

Uzani nao una mitego. Paris, wanaume walikuwa na kilo 71, kisha 80, kisha 92. Mtu ambaye mwili wake ni wa kilo 75, na ambaye kwenye mashindano ya dunia alikuwa na uzani wake huo, ilibidi achague kujikausha au kupigana na watu wakubwa zaidi. Na kupima hakufanyiki mara moja: kila asubuhi ya siku unayopigana unapanda mizani. Aliyejikausha kwa shida siku ya kwanza anaweza kufika nusu fainali akiwa amebaki mifupa. Ukiona bingwa amehamia uzani mpya, punguza nafasi yake kabla ya kutazama kitu kingine.

Kwa nchi nzima, jumlisha nafasi. Nchi yenye mabondia saba, kila mmoja akiwa na asilimia 15 ya kupata dhahabu, inatarajiwa kupata dhahabu moja hivi. Lakini nafasi ya kukosa kabisa ni 0.85 ikizidishwa mara saba, yaani asilimia 32. Tokyo, iliyosogezwa hadi 2021, Cuba ilichukua dhahabu nne za ndondi, Uzbekistan moja. Miaka mitatu baadaye Paris, Uzbekistan ikachukua tano, zote za wanaume, na Cuba moja, ya Erislandy Álvarez. Bahati ipo humo, lakini si bahati tu: Andy Cruz, mmoja wa mabingwa wale wa Tokyo, alishaondoka Cuba na kwenda kwenye ndondi za kulipwa. Wachumi wanaotabiri medali kwa idadi ya watu na utajiri wa nchi hawana jibu zuri kwa Cuba, nchi ya watu kama milioni 10 yenye dhahabu za ndondi zaidi ya 40. Ndondi hufuata shule, makocha na mapambano ya kila wiki, na fedha za nchi hazitabiri hayo.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo haijawahi kupata medali yoyote ya Olimpiki. Los Angeles 2028 kutakuwa na uzani 14, saba kwa wanaume na saba kwa wanawake, na mabondia 248, idadi ile ile ya Paris. Paris wanawake 124 waligawanywa katika uzani sita, karibu 21 kila mmoja. Safari hii watakuwa karibu 18. Mapambano ya hatua ya 32 yatakuwa machache, na wengi wataanzia hatua ya 16, ushindi mara mbili kutoka kwenye shaba. Bondia mwenye nafasi ya asilimia 35 kwa kila pambano, ambayo ni makadirio ya haki kwa Mkongomani mzuri, ana asilimia 12 ya medali akihitaji ushindi mara mbili, na 4 akihitaji mara tatu. Ndiyo maana naamini medali yetu ya kwanza ya ndondi, ikija, ina nafasi kubwa zaidi ya kuja kwa mwanamke, na kuwa shaba. Droo itakapotoka nitahesabu kwanza mapambano yaliyo kati ya bondia wetu na nusu fainali, kisha nitatafuta kama mwaka huo amewahi kupigana hata mara tatu nje ya Afrika.